Kutoka Moshi hadi Saadani kwa gari: simulizi ya safari ya pwani

Ijumaa jioni, Moshi

Huku kwetu mtu akisema anakwenda kuona wanyama, macho ya watu yanaelekea magharibi: Manyara, Ngorongoro, Serengeti. Akisema anakwenda baharini, anakata tiketi ya basi la Dar, kisha ya boti ya Unguja. Barabara ya Tanga tumewaachia wenye harusi na misiba. Lakini ukiifuata hadi mwisho, halafu ukashuka kusini sambamba na pwani, unapata nyika, mapango, magofu, kasa na pomboo, na mwishowe Saadani, hifadhi ya taifa ambayo upande wake mmoja ni Bahari ya Hindi. Yote hayo ukiwa kwenye gari lako, unasimama unapotaka.

Mume wangu ni mwongoza wageni mlimani, na miezi hii ya kiangazi kwao ndiyo mavuno. Shule zimefungwa, yeye yuko juu huko na wageni. Tukasema hatumsubiri. Kwenye gari tulikuwa mimi kwenye usukani, mama mkwe pembeni yangu, shemeji na binti yetu wa darasa la sita nyuma. Mama ni mwalimu mstaafu aliyesomea ualimu Korogwe, kwa hiyo hakuna mji wa njiani asiokuwa na la kuusemea. Shemeji ana gereji ndogo Pasua. Yeye ndiye aliyefunga matairi mawili ya akiba kwenye keria, akapakia jeki, pampu, kamba ya kuvutia na madumu ya maji. Mama akapakia kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, cha kutosha kijiji.

Ubishi wa jioni ile ulikuwa wa ratiba. Shemeji alikuwa amechapisha jedwali la maji kujaa na kupwa la Tanga. Mama akalitazama mara moja, akaliweka chini. "Mwezi unaandama Jumatatu. Bamvua, maji makubwa ya kujaa na kupwa, ni Jumanne na Jumatano. Karatasi ya nini?" Kumbe vyote viwili vilisema jambo lilelile: tukitaka kukanyaga kisiwa cha Maziwe, kinachoibuka maji yakipwa tu, lazima tuwe ufukwe wa Ushongo Jumanne asubuhi. Siku nyingine zote zikapangwa kurudi nyuma kuanzia hapo.

Jumamosi, Moshi hadi Same na Mkomazi

Tulitoka alfajiri. Njia Panda ya Himo magari ya Rombo na Holili yakanyoosha, sisi tukakata kulia. Kuanzia hapo milima ya Upare inakaa kushoto na nyika kulia, na ukiwa na trafiki wa tochi ya kupima mwendo kila baada ya kijiji huna haja ya kuangalia saa. Hamsini ni hamsini. "Shem, taratibu, Mwanga hiyo," shemeji alikuwa akisema hata kabla sijaona kibao.

Upande wa kulia, mbali na barabara, lipo bwawa la Nyumba ya Mungu. Hatukuchepuka, ila mama alitumia nafasi hiyo kumsomesha mjukuu wake. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro. Mto Ruvu unatoka Ziwa Jipe. Vyote viwili vinaingia Nyumba ya Mungu, na kinachotoka upande wa pili kinaitwa Pangani, na kinakwenda hadi baharini. Binti akauliza kama maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba kwetu Kibosho, nayo yamo. "Yanayobaki," alijibu mama, akanyamaza.

Lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi liko karibu sana na Same mjini, jambo linaloshangaza wengi wanaopita kila mwaka na mabasi bila kujua. Kiingilio kwa Mtanzania hakitishi, lakini hakilipwi kwa noti mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Askari wa langoni alitazama madumu yetu akaridhika. "Mama shikamoo. Leo mtaona swala twiga, msiwe na haraka tu."

Mkomazi si hifadhi ya kukimbizana na simba. Ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200, vichaka vya migunga, udongo mwekundu, na upande wa kaskazini inaungana na Tsavo Magharibi ya Kenya, kwa hiyo tembo wanakwenda na kurudi kwa kufuata mvua bila kuuliza mpaka. Kipindi hiki wengi walikuwa wamekwishaondoka. Tuliona pofu, kongoni, pundamilia, twiga wakiwa kwenye kundi kubwa kuliko nilivyotarajia, na kwenye bwawa la Dindira tembo wachache waliotupa migongo.

Swala twiga tulimwona saa nne hivi. Alikuwa amesimama wima kwa miguu ya nyuma, shingo imenyooka ndani ya mgunga, ile ya mbele inaning'inia, kama mtoto anayechungulia dirishani kwa jirani. Anachagua jani mojamoja. Mnyama huyu anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa maji kwa sababu anayapata kwenye majani, ndiyo maana nyika kavu ya huku inamfaa na Serengeti humkuti kirahisi. Nilizima injini. Mama alikuwa na ndizi nusu mdomoni na alikaa nayo hivyo hivyo hadi mnyama aliposhuka. Kwangu mimi hiyo peke yake ilitosha kulipia siku.

Faru weusi wa Mkomazi wamezungushiwa uzio wa umeme na walinzi, maana wa asili walimalizwa na majangili. Hawa wa sasa ni uzao wa walioletwa kuanzia 1997, kwanza kutoka Afrika Kusini, baadaye wengine kutoka bustani za wanyama za Ucheki na Uingereza. Shemeji hakuacha kucheka kwamba kuna faru wa Same aliyezaliwa kwenye theluji. Tukalala gesti ya Same mjini, vumbi hadi masikioni.

Jumapili, Same hadi Tanga

Barabara nzuri, habari chache. Makanya na jasi yake nyeupe, Hedaru, Mombo ambako tulinywa chai tukiangalia magari ya Lushoto yakianza kupanda, Korogwe ambako mama alitaka tupite mbele ya chuo chake na tukapita, akasema kilikuwa kikubwa zaidi zamani. Reli inatembea pembeni karibu njia nzima. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Mama alisafiri nayo enzi za chuo, na anadai treni ile ilikuwa inakwenda polepole kiasi kwamba unashuka, unanunua machungwa, unapanda tena. Simuamini sana, lakini machungwa ya Muheza bado yapo na tuliyanunua.

Ukishapinda Segera kuelekea Tanga, unavuka Pangani pale Hale. Mto tuliouacha nyikani tunakutana nao tena, sasa una kazi: mitambo ya umeme ya Hale inatoa megawati 21, na chini yake ile ya Pangani Falls megawati 68. Zile za Nyumba ya Mungu ni 8. Shemeji alisimamisha hesabu kwenye kiganja, akasema maji yaleyale yanauzwa mara tatu.

Kabla ya Tanga mjini mkonge umejipanga pande zote mbili. Mmea huu uliingia mwaka huohuo wa reli, 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani. Tanga yenyewe tuliingia jua linapungua. Baiskeli kila kona, barabara za Ngamiani zimepewa namba badala ya majina, na hakuna anayekimbia. Mwenyeji wa gesti alituona na vumbi letu la Same akasema "Poleni wanangu, huku raha," akatuletea mkate wa kumimina kabla hajauliza vitambulisho. Usiku tulikula samaki wa nazi. Nyumbani tunakaanga samaki mpaka tunamwadhibu, hilo ni lazima nilikiri kwa niaba ya mkoa wetu.

Jumatatu, Amboni, Tongoni, Pangani

Mapango ya Amboni yapo kaskazini ya mji, mwendo mfupi tu. Ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Mto Mkulumuzi unapita hapohapo nje. Ndani kuna giza la kweli, popo, nguzo za mawe zinazoshuka kutoka juu, na sehemu ambako watu bado wanaleta chupa za marashi na sarafu kwa ajili ya kuomba mizimu. Mwongozaji, kijana mwenye tochi na maneno, alituonyesha jiwe hili ni meli, lile ni kochi, akatupitisha mahali pa kutambaa ambapo mama alipita na mimi nikakwama kidogo. Alieleza pia habari za Osale Otango, aliyejificha humu akitafutwa na serikali ya mkoloni.

Halafu akafika kwenye hadithi ambayo kila mgeni anapewa: wazungu waliingia na mbwa wao, hawakutoka, ila mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro.

"Kilimanjaro wapi?" mama akauliza.

"Huko huko mlimani, bibi."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa Kibosho. Mbwa wa Tanga hatujampokea."

Kijana akacheka hadi popo wakaruka. Kwa kweli mapango haya yalipimwa na watafiti mwaka 1994, na pango refu kuliko yote halikuzidi mita 900 hivi. Lakini niligundua kwamba hadithi imekosea njia tu. Kitu kinachotoka Kilimanjaro kuja pwani hii kipo, na tumekivuka jana pale Hale.

Kutoka Tanga kwenda Pangani barabara mpya ilikuwa inaendelea kutengenezwa, kwa hiyo kipande kimoja lami, kingine vumbi na michepuko. Tongoni ni lazima usimame. Kuna magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40 ya zama za miji ya Waswahili, mengi yakiwa yale ya nguzo, na inasemwa hakuna mahali pengine Afrika Mashariki yalipokusanyika mengi hivyo. Nguzo nyingi zimeanguka. Mibuyu imebaki. Ni karibu na hapa ambapo Wareno wa Vasco da Gama walipwelewa na meli yao São Rafael mwaka 1498, na mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, waliichoma moto kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Mlinzi wa magofu alikuwa peke yake. Alituandikia stakabadhi kwa mwandiko mzuri ajabu, na mama akamsifu kwa hilo kuliko alivyoyasifu makaburi.

Kigombe tuliona wavuvi wakitengeneza jarife, nyavu zile za kutega papa. Bahari ya hapa ndiyo maarufu kwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga walianza kunaswa kwenye jarife za maji marefu miaka ya 2000 mwanzoni, na mwaka 2009 eneo likafanywa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Nilimuuliza mzee mmoja kama ni mtamu. "Mafuta matupu, dada yangu. Anakuendesha tumbo." Basi, miaka milioni mia kadhaa amejihifadhi kwa kutokuwa mtamu.

Pangani mjini ni milango ya mbao iliyochongwa, maghala ya zamani yanayobomoka, Boma, na mto mpana uliotulia. Hapa ndipo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi yao, mwezi Desemba 1889. Tulikaa ukingoni tukila mihogo ya kuchoma. Binti alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. Chumvi.

Mwenye mtumbwi aliyekuwa karibu akamwambia asishangae, maji yakijaa bahari inaingia mtoni. Ila kuna jambo jingine akaliongeza bila kuulizwa: miaka hii chumvi inapanda mbali zaidi kuliko alivyoikuta kwa baba yake, na wenye mashamba ya huko juu wanalalamika. Mto umekosa nguvu ya kuisukuma. "Maji yanaishia huko kwenu, mabwawa, mashamba. Huku tunapata masalia." Hakusema kwa ugomvi. Alituuliza tunatoka wapi tukasema Moshi, akacheka, akasema afadhali tumekuja kuyasindikiza. Mama hakucheka. Babu yake mume wangu alikuwa msimamizi wa mfongo, na mpaka leo kwetu maji ya zamu yakichelewa saa moja kuna kikao.

Jumanne, Bweni, Ushongo, Maziwe

Kutoka Pangani kwenda Bweni ng'ambo tulivuka na pantoni, nguzo za daraja jipya zikiwa tayari zinaonekana juu kidogo ya mto. Wakilimaliza, foleni hii ya pikipiki, mbuzi na magunia ya nazi itakuwa historia, na sitalia. Kutoka Bweni ni vumbi, mkonge tena, kisha minazi, kisha ghafla bahari ya Ushongo.

Sasa kuhusu maji. Pwani hii siku za bamvua bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kunaangukia saa nne au saa tano asubuhi. Maziwe, iliyo karibu kilomita 8 kutoka Ushongo, inaonekana wakati huo tu. Maji yakijaa, hakuna kisiwa. Nahodha alitupangia kuondoka saa mbili na nusu, na alipoona shemeji bado anapiga picha akasema bahari haisubiri mtu wa Moshi.

Kusi lilikuwa linavuma, mashua ikaruka. Nusu ya njia pomboo wakaja, wanne au watano, wakaogelea sambamba na ubavu wetu kisha wakaona hatuna jipya, wakaondoka. Mama alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili na macho yamefumbwa, kwa hiyo aliwakosa, na alituagiza tusimhadithie.

Maziwe ni mchanga mweupe tu. Hakuna mti, hakuna kivuli. Lakini ilikuwa na miti. Mwaka 1975 kisiwa hiki kilitengwa kuwa hifadhi kwa sababu kasa wengi walitaga hapa, na wakati huo kulikuwa na mivinje. Miti ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikaisha, mawimbi yakafanya yao, na kufikia miaka ya 1980 mwanzoni kisiwa kikawa fungu la kuzama na kuibuka. Walichohifadhi kilikwenda kabla uhifadhi haujazoeleka. Chini ya maji, hata hivyo, matumbawe bado yapo. Binti alivaa miwani ya kuogelea, akazama, akaibuka akihesabu samaki kwa rangi, maana majina hatukuwa nayo.

Kisichoeleweka na kasa ni ukaidi wake. Jike wa kasa wa kijani akikomaa, baada ya miaka mingi ya kuzunguka baharini, anarudi kutaga katika eneo alikoanguliwa. Maziwe inazama kila siku ya maji makubwa, mayai yakibaki pale yanaoza, na bado wanakuja. Ndiyo maana wahifadhi wa Ushongo wanakagua fungu lile, na wakikuta kiota wanayafukua mayai, zaidi ya 100 mara nyingi, na kuyahamishia ufukweni Ushongo kwenye mchanga usiofikiwa na maji. Ni kazi ya haraka na mikono myepesi, kwa sababu yai likigeuzwa kilichomo kinaweza kufa. Baada ya miezi miwili hivi wanaangua. Na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukiwa na joto zaidi majike ni wengi.

Tulibahatika. Jioni ileile kiota kimoja kilikuwa kinatoka. Mhifadhi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya kuamuru, alitupanga pande mbili, akakataza kushika, akakataza taa za simu, akafuta mchanga kidogo kwa vidole. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu mchanga ukaanza kutetemeka, na wakatoka wote kwa pamoja wakipandiana, kila mmoja si mkubwa kuliko kiganja cha binti yangu, wakanyoosha kuelekea baharini. Maji yalikuwa yamejaa kwa hiyo mbio hazikuwa ndefu. Kaa walikuwa wanasubiri hata hivyo. Shemeji alitaka kumsukuma mmoja aliyelala chali, akaangalia uso wa mhifadhi, akarudisha mkono. Mhifadhi mwenyewe akamgeuza kwa kijiti. Wachache sana katika hao watafikia umri wa kutaga, na kila mtu pale alilijua hilo, na bado tulipiga makofi mmoja mmoja alipoguswa na wimbi la kwanza.

Usiku mume wangu akapata mtandao, akapiga kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673. Anasubiri saa sita waanze kupanda kileleni. Binti akamweleza kasa wote bila kupumua, kisha akamuuliza barafu ikiyeyuka huko inaenda wapi. Akamjibu haraka, kwa sauti ya mtu aliyevaa glovu: "Inakuja huko kwenu."

Jumatano, Ushongo hadi Saadani

Hii ndiyo siku ya gari. Njia inapita Kipumbwi na Mkwaja, mchanga mahali pengine, mahali pengine udongo mweusi ambao wakati wa masika ungetumeza. Tulipata pancha kabla ya Mkwaja. Shemeji aliibadilisha kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kumsifu. Watoto wa pale walisaidia kwa kutoa maoni.

Eneo la Mkwaja lilikuwa ranchi ya ng'ombe tangu miaka ya 1950. Walipambana na mbung'o na vichaka karibu nusu karne, vikashinda, ranchi ikafungwa mwaka 2000, na Saadani ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 ardhi ile ikawa sehemu yake. Mbung'o hawajaambiwa kwamba vita vimekwisha. Wanapenda rangi nyeusi na ya buluu. Mama alikuwa amevaa kitenge cha buluu.

Tuliwaona kongoni, kuro, ngiri, tohe wakichomoka kwenye nyasi, nyati kwa mbali, na twiga wengi sana. Kipo kitu cha ajabu katika kumtazama twiga huku unasikia mawimbi. Zile picha za tembo waliosimama ndani ya bahari, watu wa hifadhi wenyewe wanasema ni bahati ya nadra. Sisi tulikuta kinyesi na nyayo juu ya mchanga wa ufukweni, mpya kabisa, zikiwa zimekanyaga kamba za wavuvi. Madete, ufukwe wa kaskazini ya hifadhi, ni sehemu nyingine ambayo kasa wa kijani hutaga, na hapo pwani haijawahi kuzama.

Tulilala mabanda ya hifadhi. Chakula: kamba wa Saadani, wakubwa, kwa bei ambayo ukiitaja Moshi watu watadhani umesema mbilimbi.

Alhamisi, Wami na kijiji cha Saadani

Asubuhi boti mtoni Wami, na askari wa hifadhi mwenye bunduki na darubini. Karibu na mdomo wa mto ni mikoko mitupu. Ukipanda kidogo miti mikubwa inaanza, mbega wamekaa matawini na mikia yao yenye ncha nyeupe inaning'inia. Viboko walikuwa kwenye makundi, wakizama na kutokea mahali usipopatarajia, na nahodha alizima injini mbali nao kwa heshima. Mamba mmoja alilala kwenye tope mdomo wazi kwa muda wote tuliokuwa pale. Furukombe, midiria ya rangi tatu tofauti, na kwenye viwanja vya chumvi nje kidogo ya kijiji heroe wakichuja matope. Binti aliuliza kama Wami nao ni maji yetu. Hapana, huo una wenyewe.

Kijiji cha Saadani leo ni nyavu, boti na msikiti. Karne ya 19 kilikuwa bandari ya misafara, na mtawala wake, Bwana Heri bin Juma, aliwapinga Wajerumani mwaka 1889. Meli zao zikakipiga mizinga kijiji, naye akaendelea kupigana hadi 1890. Mama alishangaa kwamba alifundisha habari za Bwana Heri darasani kwa miaka yote ile na hakuwahi kukanyaga hapa. Alikaa na wazee wa kijiji mchana mzima. Sikukaribishwa kwenye mazungumzo hayo.

Ijumaa, kurudi

Kutoka Saadani tukaenda magharibi hadi Mandera, zaidi ya saa moja na nusu ya vumbi, tukaingia lami ya Chalinze na Segera. Baada ya hapo ni lori, tochi, lori. Ukitaka kufanya safari hii, epuka Machi hadi Mei, uwe na gari lililoinuka, jaza mafuta Tanga na tena Pangani, na angalia mwezi kabla hujaomba ruhusa kazini. Tuliingia Moshi saa tatu usiku.

Mume wangu alirudi nyumbani siku iliyofuata, akakuta mama hayupo. Alikuwa Kibosho, kwenye kikao cha mfongo, amesimama kuwaeleza habari ya chumvi ya Pangani. Mwenyekiti alimuuliza kama ana uhakika mto huo unafika huko kweli. Amepewa dakika kumi kwenye kikao kijacho, na binti ndiye anayechora ramani.